Kati ya Mizani na Mkono wa Fundi: Historia ya Vyombo vya Fedha vya Kukirimu Wageni katika Pwani ya Afrika Mashariki na Matumizi Yake ya Sasa

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya vyombo vya fedha vilivyotumika kukirimu wageni katika pwani ya Afrika Mashariki, hususan mrashi, chetezo, dele, sinia na kijaluba cha tambuu. Hoja yake ni kwamba chombo cha fedha hubeba thamani mbili zinazoshindana: thamani ya madini, ambayo hupimwa kwa mizani, na thamani ya kazi, ambayo hutegemea kumbukumbu. Kwa kulinganisha pwani na Uingereza, ambako chapa za ubora zilihifadhi kumbukumbu hiyo juu ya chombo chenyewe, makala inaonyesha kwa nini vyombo vya pwani vimo katika hatari kubwa zaidi ya kuyeyushwa. Sheria za mambo ya kale za Kenya na Tanzania zinajadiliwa, na mapendekezo yanatolewa kwa wasimamizi wa makumbusho na washauri wa sera.

1. Utangulizi

Katika Kiswahili neno fedha lina maana mbili. Ni madini meupe yanayofuliwa kuwa mkufu au sinia, na ni pesa inayolipwa sokoni. Wasomaji wa Rwanda, Burundi na Kongo wanaojua Kifaransa watakumbuka kwamba neno argent nalo hubeba maana zote mbili. Mwingiliano huo una chanzo katika historia ya uchumi: kwa karne nyingi sarafu na chombo vilikuwa hali mbili za kitu kimoja. Sarafu iliyeyushwa ikawa chombo, na chombo kikayeyushwa kikawa sarafu, kwa kufuata haja ya mwenye mali na bei ya siku ile.

Watafiti wa utamaduni wa pwani wameandika mengi kuhusu mapambo ya mwilini, milango iliyochongwa na majengo ya mawe. Vyombo vya kukirimu wageni vimepewa nafasi ndogo zaidi, ingawa ndivyo vilivyoshikwa na mikono ya watu wengi: mwenye nyumba, mtumishi, bwana harusi, msoma maulidi na mgeni. Swali linaloongoza makala hii ni hili: kitu gani huamua kama chombo cha fedha kitadumu kuwa chombo, au kitarudi kuwa madini?

2. Fedha isiyochimbwa pwani

Pwani ya Afrika Mashariki haikuwa na migodi ya fedha. Madini hayo yaliletwa na biashara, na yaliletwa mapema. Uchimbaji wa kiakiolojia huko Shanga, katika visiwa vya Lamu, ulifichua sarafu ndogo za fedha zenye majina ya watawala Waislamu wa mahali pale. Huko Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, akiba ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha iligunduliwa mwaka 1984, pamoja na dinari chache za dhahabu za Wafatimi. Kwa hiyo, ujuzi wa kufanya kazi na fedha na mazoea ya kuiweka akiba ni ya kale kuliko utawala wa Oman katika pwani hii.

Hata hivyo, vyombo vingi vinavyojulikana leo ni matokeo ya karne ya 19, wakati Zanzibar ilipokuwa makao ya Sayyid Said bin Sultan na soko kuu la karafuu, pembe za ndovu na, kwa masikitiko, watumwa. Sarafu iliyotawala biashara hiyo ilikuwa reale ya Maria Theresa. Malkia huyo wa Austria alifariki mwaka 1780, lakini sarafu yake iliendelea kupigwa kwa tarehe hiyo hiyo kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uarabuni na Ethiopia waliiamini. Kila reale ilikuwa na uzito wa takriban gramu 28.07, na sehemu 833 kati ya 1,000 za uzito huo zilikuwa fedha safi. Zilizobaki zilikuwa hasa shaba.

Uthabiti huo ulimfaa mfanyabiashara, na ulimfaa sonara vilevile. Fundi aliyetaka kufua chombo hakuhitaji kununua madini kutoka mbali wala kuhangaika kupima ubora wake. Mteja alimletea reale, naye aliziyeyusha. Chombo kilichofuliwa kwa reale 20, kwa mfano, kingekuwa na uzito wa gramu 561 hivi, na ndani yake gramu 468 za fedha safi. Vipimo vya uzito vyenyewe vilifungamana na sarafu: wakia ya Zanzibar ilikuwa sawa na uzito wa reale moja, na tola iliyotumiwa na masonara wenye asili ya Bara Hindi, yenye gramu 11.66, ilikuwa uzito wa rupia moja ya fedha. Mteja alipopokea chombo chake aliweza kukipima dhidi ya sarafu alizotoa, akajua papo hapo kama fundi amemwibia.

Sultani Barghash alitoa reale yake mwenyewe mwaka 1882, lakini kwa muda mrefu baadaye rupia ya India ndiyo iliyoshika soko. Rupia ilikuwa na ubora wa sehemu 917 kwa 1,000, ikiizidi reale ya Maria Theresa. Mkondo huu wa madini ulikatika katika karne ya 20. Shilingi ya Afrika Mashariki iliyoanza kutolewa mwaka 1921 ilikuwa na sehemu 250 tu za fedha kwa 1,000, na Zanzibar nayo iliacha rupia mwaka 1936. Tangu hapo hapakuwa na faida ya kuyeyusha sarafu mpya, na fundi aliyetaka fedha nzuri alitazama sarafu za zamani au vyombo vya zamani. Sarafu zilipoadimika, hatari ilihamia kwenye vyombo.

3. Vyombo na kazi zake

Vyombo vya kukirimu vya pwani viligawanyika kwa kazi. Mrashi ni chombo chenye tumbo la mviringo, shingo ndefu nyembamba na kichwa chenye matundu, ambacho hutumika kuwarashia wageni marashi ya mawaridi. Chetezo hubeba makaa, na juu ya makaa huwekwa udi au ubani. Dele huchemshia na kumiminia kahawa katika vikombe vidogo. Sinia hubeba vyote hivyo, pamoja na halua na tende. Kijaluba huhifadhi vitu vya tambuu: popoo, katu, chokaa na tumbaku, huku majani ya mtambuu yakipangwa kando.

Vyombo hivi vilikuwa na mpangilio wake katika shughuli. Mgeni alikaribishwa kwa kahawa, na marashi na udi vilimfikia kuelekea mwisho wa kikao, ili aondoke na harufu nzuri ya nyumba aliyokirimiwa. Desturi hiyo ipo hata leo Oman na katika nchi za Ghuba. Katika maulidi ya pwani, mrashi na chetezo hupita kati ya safu za watu, na anayebeba hana budi kumfikia kila mtu, mkubwa na mdogo. Chombo cha fedha kilikuwa mali ya mtu mmoja au ukoo mmoja, lakini kazi yake ilikuwa kuwahudumia wengine. Kilionyesha utajiri kwa njia iliyokubalika, kwa kuwa utajiri wenyewe ulikuwa ukimfikia mgeni kwa harufu na kwa kinywaji.

Asili ya vyombo ilikuwa mchanganyiko. Vingine vilifuliwa na mafundi wa Lamu, Mombasa na Zanzibar. Vingine vilitoka Maskati na miji ya bara ya Oman, ambako masonara nao waliyeyusha reale za Maria Theresa. Vingine vilitoka Kutch, magharibi mwa India, kwa majahazi yaliyosafiri na kaskazi kutoka bandari kama Mandvi na Mundra. Uhusiano wa Kutch na Zanzibar haukuwa wa kubahatisha. Jairam Shivji, ambaye kampuni yake ilikodi ushuru wa forodha wa Zanzibar kwa miaka mingi, alikuwa Mbhatia wa Kutch. Vyombo vya Kutch hutambulika kwa nakshi nene za maua na majani yanayojipinda, zilizoinuliwa kwa nyundo na patasi hadi zikafunika karibu uso wote. Fundi mashuhuri zaidi wa huko, Oomersi Mawji wa Bhuj, aliyefanya kazi kwa mtawala wa Kutch mwishoni mwa karne ya 19, alipiga chapa ya herufi za jina lake na jina la mji wake. Kwa sababu hiyo kazi zake zinajulikana na kutafutwa duniani kote. Mafundi wengi wa pwani hawakupiga chapa yoyote.

4. Uingereza: chapa kama kumbukumbu

Tofauti hiyo ya chapa ina uzito mkubwa, na historia ya Uingereza inaieleza vizuri. Sheria ya mwaka 1300, chini ya Mfalme Edward wa Kwanza, iliagiza kwamba vyombo vya fedha visiuzwe kabla ya kupimwa na kupigwa chapa ya kichwa cha chui. Ubora uliotakiwa ulikuwa sawa na ule wa sarafu, yaani sehemu 925 kwa 1,000, kiwango kinachoitwa sterling. Mwaka 1478 iliongezwa herufi ya mwaka, ili aliyepima chombo aweze kuwajibishwa. Mwaka 1773 miji ya Birmingham na Sheffield ilipewa ofisi zake za kupima ubora. Lengo la mfumo huu lilikuwa kumlinda mnunuzi na kulinda sarafu. Hakuna aliyekusudia kuwasaidia wanahistoria. Lakini matokeo yake ni kwamba chombo kidogo cha chumvi kilichotengenezwa London karne tatu zilizopita kinaweza kutaja mji wake, mwaka wake na, mara nyingi, fundi wake.

Hata huko, chapa peke yake haikuzuia kuyeyushwa. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza 1642, vyuo vya Oxford vilitoa vyombo vyao vya fedha vipigwe sarafu za kumlipia Mfalme Charles wa Kwanza askari wake. Ufaransa, Louis wa Kumi na Nne aliagiza mwaka 1689 samani za fedha za Versailles ziyeyushwe kugharimia vita. Mwendo wa kinyume nao ulikuwepo. Mwishoni mwa karne ya 17 Waingereza walikuwa wakikata kingo za sarafu na kuyeyusha vipande hivyo wafue vyombo. Serikali ilijibu mwaka 1697 kwa kupandisha ubora wa lazima wa vyombo hadi sehemu 958 kwa 1,000, ili sarafu isiweze kugeuzwa chombo moja kwa moja. Sharti hilo lilidumu hadi 1720. Kitendo ambacho Zanzibar kilikuwa kazi halali ya kila siku ya sonara, London kilikuwa tatizo la dola.

Karne mbili zilizofuata zilileta vyombo vya bei nafuu. Katika miaka ya 1740 Thomas Boulsover wa Sheffield aligundua namna ya kuunganisha bamba la fedha na bamba la shaba, na mwaka 1840 kampuni ya Elkington ya Birmingham ilipata hataza ya kupaka fedha kwa umeme. Mabuli, trei na vijiko vya aina hiyo vilienea katika dola yote ya Uingereza, zikiwemo nyumba za maofisa, hoteli na klabu za Afrika Mashariki. Ndiyo maana leo vitu vingi vinavyouzwa madukani kama fedha ya kale ni shaba au aloi ya nikeli iliyopakwa utando mwembamba wa fedha. Vina thamani ya kihistoria, ila si ile inayotajwa na muuzaji.

5. Bei, mizani na upotevu

Mshindani mkubwa wa chombo cha kale ni bei ya madini. Mwezi Januari 1980, ndugu wa familia ya Hunt wa Texas walipokuwa wamejilimbikizia fedha nyingi, bei ilikaribia dola 50 kwa aunsi. Tarehe 27 Machi mwaka huo ilianguka hadi chini ya dola 11 kwa siku moja. Katika miezi ile ya bei kubwa, idadi kubwa ya vyombo vya kale vya Marekani na Ulaya iliishia tanurini. Mwaka 2025 bei ilivuka tena kilele cha 1980, kwa hesabu isiyozingatia mfumuko wa bei. Kwa hiyo hatari inayojadiliwa hapa ni ya leo.

Pwani, shinikizo hilo hukutana na mambo mengine mawili. La kwanza ni mabadiliko ya ladha: kwa familia nyingi za pwani na za Oman, dhahabu ilichukua nafasi ya fedha katika mahari na akiba. La pili ni kukosekana kwa maandishi. Mrashi usio na chapa hutegemea mtu wa kusimulia: ulikuwa wa bibi fulani, ulitumika katika harusi fulani, uliletwa kwa jahazi kutoka mahali fulani. Msimulizi akifariki kabla ya kuandikwa, mrithi hubaki na kitu kimoja tu anachoweza kumwonyesha sonara, nacho ni uzito. Sonara hulipa kwa gramu. Kazi ya fundi, safari ya jahazi na harusi tano za ukoo hazimo katika mizani.

6. Matumizi ya sasa

Ingawa hivyo, vyombo hivi havijawa vitu vya makumbusho tu. Mirashi na vyetezo huonekana bado katika harusi, hitima na maulidi ya pwani, na katika shughuli za Waswahili waishio Ghuba. Vingi vya kisasa ni vya chuma kisichoshika kutu au shaba iliyong'arishwa, na hakuna sababu ya kuvibeza: vinaiendeleza desturi ambayo vyombo vya fedha viliianzisha. Vile vya kale hutolewa kabatini siku kubwa tu, au huazimwa na jamaa. Hoteli za mji mkongwe huvitumia kama pambo la kuwapokea wageni. Matumizi haya ya heshima ndiyo kinga ya kwanza ya chombo, kwa sababu familia inayokihitaji kwa harusi ijayo haina haraka ya kukiuza.

Matumizi yanahitaji utunzaji. Weusi unaotokea juu ya fedha husababishwa na salfa iliyomo hewani, na si dalili ya ubovu. Kila kusugua kwa majivu au mchanga huondoa kiasi kidogo cha madini, na baada ya miongo kadhaa nakshi hufutika na chapa hupotea. Chumvi hula fedha, jambo la kuzingatiwa hasa pwani. Kitambaa laini, maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo na kukausha vizuri hutosha kwa utunzaji wa kawaida. Makaa ya chetezo yawekwe juu ya kibakuli cha ndani au majivu, ili joto lisilegeze sehemu zilizolehemiwa.

Kwa watafiti, teknolojia imefungua njia mpya. Vifaa vya mkononi vinavyotumia miali ya eksirei hupima mchanganyiko wa madini bila kukwangua wala kutia asidi. Ubora unaokaribia 833 huashiria reale za Maria Theresa, na unaokaribia 917 huashiria rupia. Matokeo hayo yasomwe kwa tahadhari, kwa sababu mafundi walichanganya sarafu na lehemu ina madini yake. Lakini vipimo vya vyombo vingi kwa pamoja vinaweza kurudisha sehemu ya habari ambayo chapa ingeitoa.

7. Mapengo ya kisheria

Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya Kenya ya 2006 inakihesabu kuwa cha kale kitu kinachohamishika kilichotengenezwa nchini au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 inaweka mpaka wa 1863 kwa masalio, na inatambua pia vitu vya kiethnografia vilivyotengenezwa Tanganyika baada ya 1850 kwa matumizi ya kijamii au kitamaduni. Zanzibar husimamia mambo haya kwa sheria zake. Mifumo ya Kenya na Tanzania Bara imeitaja waziwazi milango iliyochongwa pamoja na miimo yake. Vyombo vya fedha havikutajwa kwa jina.

Tofauti hizo zina matokeo ya moja kwa moja. Tuseme mrashi ulifuliwa Bhuj mwaka 1890 na kuletwa pwani mwaka uliofuata. Ukiwa Mombasa, unaingia katika tafsiri ya Kenya, mradi tarehe ithibitishwe. Ukiwa Bagamoyo, si salio, kwa kuwa ni wa baada ya 1863, na si kitu cha kiethnografia, kwa kuwa haukutengenezwa Tanganyika. Ilhali umetumika Bagamoyo kwa zaidi ya karne moja. Urithi wa pwani umetokana na bahari, na kigezo cha mahali pa kutengenezwa hukiacha nje kila kilicholetwa na bahari. Vilevile, mwaka uliowekwa mara moja hausogei. Mkataba wa UNESCO wa 1970 kuhusu usafirishaji haramu wa mali za kitamaduni, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1977, hutumia kwa vitu vya kale umri wa zaidi ya miaka 100, kipimo kinachosonga mbele kila mwaka.

8. Mapendekezo

Kwanza, makumbusho za pwani ziandae orodha za hiari za vyombo vilivyomo majumbani. Picha, uzito, vipimo vya ubora na masimulizi ya familia vinatosha, na chombo kibaki kwa mwenyewe. Orodha ilinde faragha ya wamiliki, kwa kuwa yeyote anayehofia kodi au wizi hatafungua kabati lake.

Pili, tafsiri za sheria zizingatie mahali chombo kilipotumika, pamoja na mahali kilipotengenezwa, na zitumie umri unaosonga badala ya mwaka mmoja uliofungwa. Nchi jirani zinaporekebisha sheria zao zifanye hivyo kwa kushauriana, ili kitu kisichouzika upande mmoja wa mpaka kisivushwe na kuuzwa upande wa pili.

Tatu, masonara washirikishwe. Wao ndio wa kwanza kuletewa chombo kinachouzwa, na sonara aliyeelimishwa kuhusu orodha anaweza kumshauri mteja apite makumbusho kabla ya kuyeyusha.

Nne, kazi mpya zipigwe chapa. Uingereza, kwa Sheria ya 1973, huhitaji chapa kwa kitu chochote cha fedha kinachozidi gramu 7.78. Nchi za Afrika Mashariki hazina haja ya kuiga mfumo mzima ili kuanza. Alama ya fundi, mji na mwaka ingetosha kuwapa watafiti wa karne ijayo kile ambacho wa leo wanakikosa.

9. Hitimisho

Historia ya vyombo vya fedha vya pwani ni historia ya sarafu zilizotolewa sokoni zikapewa kazi ya heshima nyumbani. Madini yalitoka Austria na India, nakshi zilitoka Kutch, Oman na Lamu, na desturi ya kurashia na kufukiza ilivipa maana yake. Kilichokosekana ni maandishi ya kushuhudia hayo pale chombo kinapofika mbele ya mizani. Uingereza iliyaweka maandishi hayo kwenye fedha yenyewe, kwa sababu za kodi na biashara. Pwani iliyaweka midomoni mwa wazee. Kazi ya kuyahamishia kwenye orodha, sheria na chapa ni nyepesi kwa gharama, lakini haiwezi kusubiri, kwa kuwa wazee hao wanapungua wakati bei ya madini inapanda.